Mti wa Vifaa: Uainishaji na Upangaji wa Mafaili ya Maelezo ya Bodi za Kompyuta, na Funzo Lake kwa Mwanafunzi wa Kiswahili wa Meru na Embu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mafaili yanayoeleza maunzi ya bodi za kompyuta pachikwa yanavyoainishwa na kupangwa katika mfumo wa Linux. Hoja kuu ni kwamba kazi hiyo, ijapokuwa hufanywa na wahandisi, kimsingi ni kazi ya kuainisha na kutaja majina. Kwa sababu hiyo inakaribiana mno na mambo ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huyapata katika ngeli, katika utungaji wa kamusi na katika uchanganuzi wa sentensi. Aidha, makala yanaonyesha kwamba mpangilio huo ndio huamua kama kifaa kikuukuu kinachotumika Meru au Embu kitaendelea kuishi au kitatupwa.

1.0 Utangulizi

Katika vituo vya kununulia majani ya chai kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Embu hadi Imenti, mizani ya kielektroniki imechukua nafasi ya mizani ya kale ya kutundika. Mkulima huona tarakimu zikiwaka, akapewa risiti, akaenda zake. Asichokiona ni bodi ndogo iliyofichwa ndani ya chombo hicho. Bodi za namna hiyo zimo pia katika mita za umeme wa kulipia kabla, katika vyombo vinavyosambaza intaneti maofisini na katika vipimo vya maji na hali ya hewa. Hizi ndizo zinazoitwa hapa kompyuta pachikwa, yaani kompyuta zilizotiwa ndani ya kifaa kingine ili kukiendesha.

Katika mazingira yetu kifaa hakitupwi upesi. Hutengenezwa, hubadilishwa sehemu, huuzwa kwa mwingine na kutumika tena. Kwa hiyo swali la fundi wa Chuka, Runyenjes au Maua mara nyingi si jinsi ya kununua kifaa kipya, bali jinsi ya kuifanya bodi ya zamani ipokee programu ya leo. Jibu la swali hilo hutegemea jambo moja ambalo halionekani kwa macho: je, yupo mtu aliyeieleza bodi hiyo kwa maandishi, na maandishi hayo yamewekwa mahali yanapoweza kupatikana na kutunzwa?

Si kila bodi huendeshwa na Linux. Hata hivyo, Linux ndiyo inayofaa zaidi kwa mjadala huu, kwa kuwa mafaili yake yako wazi kwa kila msomaji, na historia ya namna yalivyopangwa inajulikana.

2.0 Kwa nini bodi ihitaji kuelezwa

Kompyuta ya mezani ina uwezo wa kujitambulisha kwa kiasi kikubwa. Mtu achomekapo kichapishi au diski, kifaa hicho huulizwa kwamba ni nani, nacho hujibu. Sivyo ilivyo kwa sehemu nyingi za bodi pachikwa. Kipima joto kilichounganishwa kwa nyaya mbili hakina njia ya kujitangaza. Kinakaa kimya katika anwani yake kikingoja kuitwa. Asiyeijua anwani hiyo hawezi kukiita.

Kutokana na hali hiyo, kiini cha Linux, yaani sehemu ya mfumo inayosimamia maunzi, hakina budi kuambiwa mapema: bodi hii ina kumbukumbu kiasi hiki, ina njia ya mawasiliano katika anwani hii, na mwisho wa njia hiyo pana kipima joto cha aina ile. Zamani, kwa bodi nyingi zenye chipu za ARM, maelezo haya yaliandikwa ndani ya programu yenyewe. Kila bodi mpya ilileta kipande chake cha msimbo, na vipande vingi vilirudia mambo yale yale kwa maneno tofauti kidogo. Msongamano ulikithiri, na mnamo Machi 2011 mwasisi wa Linux, Linus Torvalds, alilalamika hadharani kwa maneno makali.

Suluhisho lilikuwa kutenganisha maelezo na utendaji. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limetumiwa katika mfumo wa Open Firmware uliosanifiwa mwaka 1994, na baadaye katika Linux ya kompyuta zenye chipu za PowerPC. Baada ya 2011 liliingizwa kwa nguvu katika bodi za ARM. Tangu hapo kiini kimoja kinaweza kuendesha bodi nyingi mbalimbali, mradi kila bodi ije na maelezo yake. Maelezo hayo ndiyo mti wa vifaa.

3.0 Mti wa vifaa na kielelezo cha matawi

Mwanafunzi aliyewahi kuchanganua sentensi kwa kielelezo cha matawi hatapata shida kuuelewa mti wa vifaa. Sentensi hugawika katika kundi nomino na kundi tenzi, na kila kundi likagawika tena hadi kufikia neno moja moja. Vivyo hivyo, kwenye mti wa vifaa bodi ndiyo kifundo cha juu kabisa. Chini yake pana kifundo cha kichakataji, kifundo cha kumbukumbu na vifundo vya njia za mawasiliano, na chini ya kila njia pana vifundo vya vifaa vilivyounganishwa nayo.

Kila kifundo hubeba sifa. Iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya utangamano, ambayo katika faili huandikwa "compatible". Sifa hii hutaja jina la mtengenezaji na jina la kifaa, likitenganishwa kwa mkato. Huweza kuwa na majina zaidi ya moja, nayo hupangwa kuanzia lililo mahususi kuelekea lililo la jumla. Ni kana kwamba mtu angeulizwa atokako, akajibu kwanza kijiji, kisha tarafa, kisha kaunti. Kiini cha Linux kikikosa kiendeshi cha jina la kwanza, hutafuta cha jina la pili. Kwa njia hiyo kifaa kipya kinaweza kuhudumiwa na kiendeshi cha kifaa cha zamani kinachofanana nacho.

4.0 Tabaka za mafaili: shina na viambishi

Kampuni moja hutengeneza chipu, na kampuni nyingine kumi huitumia chipu hiyo hiyo katika bodi zao. Kama kila bodi ingeieleza chipu upya, kosa moja lingerudiwa mara kumi na marekebisho yangehitaji kufanywa mara kumi. Ndiyo maana mafaili hupangwa kwa tabaka. Faili la chipu huishia kwa herufi dtsi, nalo haliwakilishi bodi yoyote peke yake. Faili la bodi huishia kwa herufi dts, nalo hulijumuisha faili la chipu kisha likaongeza yaliyo ya bodi tu. Hatimaye programu maalumu huyafasiri maandishi hayo kuwa faili la tarakimu liishialo kwa dtb, ambalo ndilo husomwa na kiini wakati bodi inapowashwa.

Chukua bodi ya Raspberry Pi ya modeli B, iliyotolewa mwaka 2012. Faili lake huitwa bcm2835-rpi-b.dts. Sehemu ya kwanza ya jina hutaja chipu, ya pili hutaja jamii ya bodi, na ya tatu hutaja bodi mahususi. Faili hilo ni fupi, kwa maana mengi yamekwisha kusemwa katika faili la chipu na katika faili linaloshirikiwa na bodi zote za jamii hiyo.

Muundo huu ni sawa na unyambulishaji wa kitenzi. Shina -pig- lina uwezo wa kuzaa pigia, pigana, pigisha na pigwa, lakini sentensi moja huchagua umbo moja tu. Vivyo hivyo faili la chipu hutaja kila njia ya mawasiliano iliyomo katika chipu, na kwa kawaida njia zinazotegemea nyaya za nje huachwa zikiwa zimezimwa. Faili la bodi ndilo huziwasha zile ambazo mtengenezaji ameziunganisha kweli. Kanuni inayotawala ni moja: kila jambo lisemwe mara moja, katika tabaka linalolihusu.

5.0 Saraka moja au saraka nyingi

Tabaka hueleza uhusiano wa faili na faili. Linabaki swali la mahali pa kuyaweka mafaili yenyewe. Kwa muda mrefu mafaili yote ya bodi za ARM za biti 32 yaliwekwa katika saraka moja, yakifuatana kialfabeti. Bodi zilipokuwa chache, mpangilio huo ulitosha. Kufikia 2023 bodi zilikuwa zimezidi 1,500, na saraka ikawa kama soko la Gakoromone siku ya mnada: kila kitu kipo, ila kukipata ni kazi. Katika toleo la Linux 6.5 la Agosti 2023, mafaili hayo yalihamishiwa katika saraka ndogo ndogo kwa kufuata watengenezaji wa chipu. Bodi za ARM za biti 64 zilikuwa tayari zimepangwa hivyo. Mradi mwingine uitwao Zephyr, unaohudumia bodi ndogo zaidi, ulikuwa ukizipanga bodi zake kwa aina ya kichakataji. Mwaka 2024 nao ukageukia mpangilio wa watengenezaji.

Hapa ndipo mwanafunzi wa ngeli anapopaswa kusimama na kutazama. Bodi ya Raspberry Pi haipatikani katika saraka iitwayo Raspberry Pi, bali katika saraka ya Broadcom, kampuni iliyotengeneza chipu yake. BeagleBone Black nayo imo katika saraka ya Texas Instruments. Jina lililoandikwa juu ya bodi si kigezo. Kigezo ni kile bodi inachokubaliana nacho kwa ndani. Ndivyo ilivyo kwa nomino kiboko na kipofu. Umbo lake lina kiambishi ki-, lakini husemwa kiboko amezama, wala si kimezama. Waliotumia upatanisho wa kisarufi kuainisha ngeli waliamua kwamba mwenendo wa neno katika sentensi una uzito kuliko sura yake. Waliopanga bodi walifikia uamuzi kama huo bila kuwasiliana nao.

Isitoshe, kuna mafaili ya aina nyingine yanayoeleza kanuni za kuandika kila aina ya kifundo. Haya hayakupangwa kwa watengenezaji, bali kwa kazi: vifaa vya mtandao mahali pamoja, vya saa mahali pamoja, vya sauti mahali pamoja. Mfumo mmoja una vigezo viwili vya uainishaji, na havigongani kwa kuwa kila kimoja hujibu swali lake. Anayetafuta bodi hutafuta kwa chipu, na anayetaka kujua namna ya kukieleza kipima joto hutafuta kwa kazi.

Tofauti hii inajulikana vyema katika leksikografia ya Kiswahili. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, maneno yaliyonyambuliwa huwekwa pamoja chini ya kitenzi yanakotoka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huyapa mengi kati ya hayo vidahizo vyake yenyewe katika mfuatano wa alfabeti. Mpangilio wa kwanza humfaa anayechunguza ukoo wa maneno, na wa pili humfaa anayetaka maana kwa haraka. Waliohamisha mafaili mwaka 2023 walitambua mahitaji haya mawili. Chimbuko waliligawa katika saraka za watengenezaji kwa faida ya watunzaji. Lakini mafaili yaliyokwisha kufasiriwa, yanapowekwa katika mfumo wa mtumiaji, yaliachwa katika orodha moja kama ilivyokuwa, ili programu zilizozoea kuyaita kwa majina yale zisipotee njia.

6.0 Majina yanapobadilika

Ugumu mkubwa wa kupanga kwa watengenezaji ni kwamba kampuni hununuliwa na kubadilisha majina. Freescale ilinunuliwa na NXP mwaka 2015, na Atmel ikanunuliwa na Microchip mwaka 2016. Je, saraka ichukue jina lipi? Katika uhamisho wa 2023 ulifuatwa utaratibu wa kupendelea. Kwanza, ikiwa mtengenezaji wa awali ndiye wa sasa, jina lake lilitumika. Pili, ikiwa chipu imepata mwenyewe mpya na bado inauzwa, jina la mwenyewe mpya lilitumika. Tatu, ikiwa hakuna kampuni inayoiuza wala kuitunza, liliachwa jina la zamani la chipu yenyewe.

Hata hivyo, jina lililomo ndani ya faili, yaani lile la sifa ya utangamano, halikuguswa. Chipu zilizokuwa za Freescale bado hujitambulisha kwa kifupisho cha Freescale. Sababu ni nzito. Jina hilo limekwisha kuandikwa ndani ya bodi zilizouzwa kote duniani, na viendeshi huzitambua kwalo. Kulibadilisha kungekuwa sawa na kumkana mtu kwa kuwa mtaa wake umepewa jina jipya.

Wenyeji wa Embu wanaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa nyumbani. Siakago ilikuwa katika Wilaya ya Embu. Mwaka 1996 ilipoundwa Wilaya ya Mbeere, ikawa ya Mbeere. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, imo katika Kaunti ya Embu. Siakago yenyewe haikuhama hata hatua moja. Kilichohama ni saraka. Mzee mwenye hati ya zamani hakunyang'anywa shamba kwa sababu hati yake ina jina la utawala uliopita. Mpangilio mzuri hutenganisha anwani, ambayo inaweza kubadilika, na utambulisho, ambao hauna budi kudumu.

7.0 Mpangilio ndani ya faili

Nidhamu haiishii kwenye saraka. Mwongozo wa mtindo unaofuatwa katika Linux unaelekeza kwamba vifundo vyenye anwani vipangwe kwa anwani kutoka ndogo hadi kubwa, na visivyo na anwani vipangwe kialfabeti. Ndani ya kifundo, sifa ya utangamano hutangulia, ikifuatwa na anwani, kisha sifa za kawaida, kisha sifa za mtengenezaji, na mwishoni hali ya kifundo kama kimewashwa au kimezimwa. Vifundo vidogo huja baada ya hayo yote. Aidha, kifundo hupewa jina la jumla la kazi yake, si jina la biashara. Faida yake ni kwamba anayelinganisha mafaili mawili huiona tofauti halisi, badala ya kupotezwa na tofauti za mpangilio. Mhariri yeyote wa kamusi anaijua thamani ya kidahizo kinachofuata utaratibu ule ule kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

8.0 Umuhimu wake kwa Meru na Embu

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Kaunti hizi mbili sasa zina vijana wanaosoma teknolojia wakiwa karibu na mashamba na mitambo inayoihitaji. Ikiwa kijana ataunda bodi ya kupimia unyevu wa udongo kwa ajili ya mashamba makavu ya Mbeere au Tharaka, kazi yake haitakamilika kwa kuunganisha nyaya. Maelezo ya bodi hiyo yakibaki katika kompyuta yake peke yake, bodi itakufa siku kompyuta hiyo itakapoibiwa. Yakiwekwa katika mti wa pamoja, katika tabaka na saraka inayostahili, watunzaji wengine watayarekebisha kila kiini kinapobadilika. Raspberry Pi ya mwaka 2012 ingali inapokea matoleo mapya ya Linux kwa sababu hiyo. Bodi nyingi za umri wake zimekuwa takataka kwa kuwa maelezo yake yalibaki mikononi mwa kampuni iliyokwisha kuzisahau.

Upande wa lugha nao una deni. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na ukaonyesha kwamba programu za ofisini zinaweza kuzungumza Kiswahili. Istilahi za ngazi ya maunzi hazijashughulikiwa kwa kiasi hicho, ingawa nyenzo zipo. Neno kifundo limekwisha kuzoeleka katika sarufi, nalo linafaa hapa bila kubadilishwa. Saraka inaeleweka. Yanayohitaji uangalifu ni kama mti wa vifaa: mti wa kifaa, kwa umoja, ungedokeza kwamba kuna kifaa kimoja chenye mti, ilhali kinachoelezwa ni vifaa vingi vilivyoshikamana katika bodi moja. Vilevile, ile programu inayogeuza maandishi kuwa tarakimu ikiitwa kikusanyaji, msomaji atadhani inakusanya, kumbe inafasiri. Maamuzi kama haya hayawezi kuachiwa mhandisi peke yake, kama ambavyo hayawezi kufanywa na mwanaisimu asiyeijua bodi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upangaji wa mafaili ya maelezo ya bodi umejengwa juu ya kanuni chache: kutenganisha maelezo na utendaji, kusema kila jambo mara moja katika tabaka lake, kuchagua kigezo cha uainishaji kwa kuzingatia swali linaloulizwa, na kutofautisha anwani na utambulisho. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo ngeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Inapendekezwa kwamba vyama vya Kiswahili katika vyuo vya Meru na Embu vishirikiane na wanafunzi wa teknolojia wa vyuo hivyo katika kuandaa orodha fupi ya istilahi za mti wa vifaa, kila istilahi ikiambatana na mfano kutoka katika faili la bodi halisi. Kazi hiyo inaweza kuanza kwa faili moja, mathalani lile la Raspberry Pi modeli B, likisomwa mstari kwa mstari na makundi yote mawili katika chumba kimoja.